Marehemu Kumi na Saba wa Shangazi Nyamizi

Je, mmea ambao Serikali imekwisha kuutangaza kuwa marehemu ukichanua, ni nani anayepaswa kushtakiwa: mmea wenyewe, mwenye nyumba, au mvua? Nimelitafuta jibu la swali hili tangu mvua za kwanza na bado sijalipata. Mhadhiri wangu wa botania alinielekeza kwa mhadhiri wa sheria. Mhadhiri wa sheria alisema jambo hilo ni la kibotania. Mkuu wa kitivo, ambaye niliamini angeamua kati yao, aliinuka, akafunga dirisha, akaniuliza wazazi wangu wanaishi wapi.

Basi nitasimulia yaliyotokea kwa utaratibu wake, bila kuongeza chumvi, nikitumaini kwamba msomaji aliyenizidi elimu ataweza kunisaidia.

Nchi yetu ni nchi nadhifu. Haikuwa hivyo zamani. Zamani kila mtu alipanda nyuma ya nyumba yake kile alichokipenda, na hakuna aliyejua jumla yake. Kisha Mheshimiwa Rais alifanya ziara ya siku tatu ughaibuni. Ndege ilipokuwa ikitua alichungulia dirishani, akaona nyasi za kijani zilizokatwa sawasawa kama zulia, nyumba baada ya nyumba, bila kitu chochote kilichothubutu kusimama juu ya kifundo cha mguu. Alirudi akiwa na huzuni. Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili likiitafuta sababu ya huzuni hiyo, na siku ya tatu ikaundwa Wizara ya Unadhifu.

Wizara ilitunga Sheria ya Bustani Nadhifu, ambayo nimeisoma yote na ninakiri kwamba imepigwa chapa vizuri sana. Kila mmea ulio nyumbani kwa raia huandikishwa, hupewa namba, na hufungwa kibati shinani. Mara moja kwa mwaka hufanyika Uhakiki. Uhakiki hufanyika katika mwezi ulio mkavu kuliko yote, kwa sababu ya kitaalamu: magari ya Wizara ni meupe, na wakati wa mvua mitaa yetu ina matope. Hivyo Wizara yetu, tangu ilipoundwa, haijapata kuuona mmea wowote ukiwa umelowa.

Kutokana na Uhakiki huo, wataalamu wamegundua kwamba nchini mwetu kuna mimea ya aina mbili tu: iliyo hai na iliyokufa. Iliyo hai ni nyasi za kigeni zinazonyweshwa asubuhi na jioni, pamoja na maua ya plastiki, ambayo katika kila Uhakiki yamekutwa na afya njema. Yote mengine ni marehemu.

*

Nilipangiwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika Ofisi ya Unadhifu ya Kata, nikaishi kwa shangazi yangu, Nyamizi, mkunga mstaafu, mtaa wa pili kutoka ofisini. Nilifurahi sana. Niliamini, na kwa kiasi fulani bado ninaamini, kwamba nchi hurekebishwa kuanzia kwenye kata.

Bustani ya Shangazi haikuwa kubwa. Mwaka ule Serikali ilipopanua barabara kuu, yeye alitangulia mbele ya tingatinga akiwa na jembe na ndoo, akaichimbua mimea ya asili iliyokuwa ikiota kando ya njia: vivumbasi, ambavyo harufu yake huwafukuza mbu na maua yake huwaita nyuki, mchunga, ambao majani yake machungu ni mboga na ua lake la manjano hufunguka asubuhi, na yale matunguu ambayo hukaa ardhini kiangazi kizima kana kwamba hayapo, kisha mvua ikinyesha hutoa ua jekundu la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Sisi huliita ua la mvua. Aliipanda yote nyuma ya jiko, mashina kumi na saba, na baada ya mwaka wa kwanza hakuinywesha tena.

"Hii si mimea ya kubembelezwa," aliniambia. "Ina mizizi yake, inajua kwao ni wapi. Wewe ipishe tu."

Mabua makavu hakuyakata. Ndani ya mabua hayo, alinionyesha, nyuki wadogo wasiouma walikuwa wameweka watoto wao, na kila tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo kwa ustadi mkubwa. Pembeni aliacha kipande cha ardhi tupu, kwa ajili ya nyuki wanaopenda kuchimba. Niliandika yote hayo katika daftari langu nikidhani yangekuwa ya manufaa kwa Wizara.

Jirani yake, Bwana Kachenje, mstaafu wa shirika la reli, alikuwa na bustani ya mfano. Mawaridi yake mia mbili ya plastiki yalisimama kwa mistari, na alikuwa ameshinda Kombe la Unadhifu la Kata mara tatu. Kwa kuwa Sheria inataka kila ua lililo hai linyweshwe kila siku, Bwana Kachenje aliyanywesha kila siku. Siku za mvua aliyanywesha akiwa amejifunika mwavuli.

*

Siku ya Uhakiki nilimfuata Afisa Unadhifu wa Kata, Bwana Fikirini, nikiwa nimemshikia faili. Bwana Fikirini ni mtu mpole. Sijamsikia akipaza sauti, isipokuwa mara moja mhuri ulipokauka.

"Hodi hapa! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. " Shangazi alinigeukia. "Kabula, mpe mwenzako kiti."

"Hatukai, mama, tuko kazini." Alizunguka nyuma ya jiko, akatazama mabua, akavua kofia. "Pole sana, mama."

"Pole ya nini tena?"

"Ya msiba. Una marehemu kumi na saba hapa."

Shangazi alitazama nyuma yake, kisha akanitazama mimi. "Hao wamelala."

"Kila mfiwa husema hivyo, mama. Huwa ni uchungu tu, utapoa."

"Baba, nimekaa wodini miaka thelathini na moja. Aliyekufa namjua. Hao wamelala, mvua ikija wataamka."

"Na haya mabua? Mbona maiti hazijazikwa?"

"Yana watoto wa nyuki ndani."

Bwana Fikirini alifungua faili mikononi mwangu, akapitia kurasa kadhaa. "Wana kibali cha makazi?"

Niliona ni wajibu wangu kueleza. Nilieleza kwamba mimea ya kudumu hurudisha nguvu zake mizizini wakati wa ukame, kwamba shina kukauka si kufa, na kwamba tungeweza kukwangua kidogo kwa ukucha karibu na ardhi tukauona ukijani. Bwana Fikirini alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Mwanafunzi," alisema, "utaalamu wako tutauhitaji siku tutakayouhitaji. Leo tunajaza fomu."

Akajaza fomu kumi na saba. Mahali palipoandikwa *Jina la marehemu* aliandika namba. Mahali palipoandikwa *Sababu ya kifo* aliandika *Uzembe wa mwenye nyumba*. Palikuwa na mahali pa kuandika *Maneno ya mwisho*, na hapo, baada ya kufikiri, alichora mstari. Kisha akamwagiza Shangazi awang'oe marehemu hao kwa mizizi na kuwachoma moto kabla ya mwaka kuisha.

"Sawa, baba," alisema Shangazi, kwa sauti ambayo wanawake wa wodini humjibia daktari mgeni, na hakung'oa chochote.

Kwa upande wa pili wa ukuta, Bwana Kachenje alikohoa. "Mama Nyamizi! Ukihitaji mchango wa msiba, sisi majirani tupo!"

"Nyamaza wewe, bwana. Waridi lako la pembeni limetoka kichwa, kalitie gundi."

*

Mvua ilinyesha usiku wa Jumanne. Siku ya Jumatatu iliyofuata marehemu namba nne, saba na kumi na moja walikuwa wamechomoza. Baada ya wiki mbili wote kumi na saba walikuwa juu. Ua la mvua lilipofunguka, ndege wawili wadogo aina ya chozi walikuja na midomo yao iliyopinda. Baada yao vipepeo, na nyuki wa kila umbo, wengine weusi wanene waliovuma kama pikipiki ya mbali. Niliketi katika ngazi ya jiko nikiwa na daftari, nikahesabu aina kumi na tisa za wadudu kabla ya chai.

Kosa lililofuata ni langu, nami siwezi kuisingizia Serikali. Katika ripoti yangu ya wiki niliandika, kwa furaha, kwamba mimea yote kumi na saba ya Bi Nyamizi imechanua.

Bwana Fikirini alikuja kwa miguu, suruali akiwa ameikunja hadi magotini. Alisimama mbele ya ua jekundu kwa muda mrefu. Lilikuwa na kibati.

"Huyu ni namba saba," alisema.

"Ndiye," alijibu Shangazi.

"Namba saba ni marehemu. Nimemtia mhuri mimi mwenyewe."

"Sasa si unamwona?"

"Mama, mimi naona ua. Aliye katika faili amekufa. Kwa hiyo huyu ni mwingine, anayetumia namba ya marehemu. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza."

Aliacha hati ya wito. Shangazi alitakiwa, ndani ya siku kumi na nne, kuwasilisha ama maiti kumi na saba, ama Cheti cha Kurejea. Tulikwenda makao makuu kuulizia cheti hicho. Dirisha la kwanza walisema hakijachapishwa. Dirisha la pili walisema kimechapishwa lakini huombwa na marehemu mwenyewe. Shangazi hakubishana nao. Aliandika barua ya pingamizi kwa mwandiko wake wa hospitali, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuusoma mwandiko huo, shauri likasimama.

*

Wakati huo taifa lilikuwa katika tatizo jingine. Maboga yalikuwa hayazai. Matango hayakuzaa, mapesheni hayakuzaa, hata matikiti ya shamba la Ikulu yalitoa majani mazuri na kuishia hapo. Tume iliyoundwa ilichunguza kwa miezi miwili na kubaini kwamba maboga yalikuwa yamepungukiwa na uzalendo. Mjumbe mmoja, bibi aliyeteuliwa kwa makosa, aliuliza nyuki wako wapi. Nyuki wakatafutwa ili wahojiwe, wasipatikane, na kutopatikana kwao kukaandikwa kuwa dharau kwa Tume.

Ndipo kilipoanzishwa Kikosi cha Taifa cha Uchavushaji. Vijana elfu tatu wenye shahada walivishwa sare zenye mistari myeusi na ya manjano, kila mmoja akakabidhiwa brashi laini ya kuhamishia chavua kutoka ua moja hadi jingine. Nidhamu ya Kikosi ilikuwa ya kupigiwa mfano. Vijana waliripoti saa mbili, wakaandika majina, wakaimba, wakanywa chai, na saa nne unusu walikuwa tayari mashambani. Ua la boga hufunguka alfajiri, na ifikapo saa nne limekwisha kujifunga. Kwa hiyo vijana walipitisha brashi juu ya maua yaliyojifunga, kwa uangalifu mkubwa, nchi nzima. Kamanda wao, mtu wa maadili, alikuwa pia ametoa waraka kwamba ua la kiume na ua la kike yashughulikiwe siku tofauti.

Niliandika kurasa nne za ushauri. Bwana Fikirini alizipiga mhuri wa *Imepokelewa* kila ukurasa, akanipongeza kwa pambizo nilizoacha.

Kikosi hakikufika mtaani kwetu, kwa sababu mtaa wetu hauna kibao cha jina. Na ni mtaani kwetu tu ambako maboga yalizaa. Yalipanda juu ya kuta, hasa ukuta wa Shangazi, yakaning'inia juu ya mapaa ya mabanda ya kuku, yakazuia mlango wa mbele wa familia moja hata ikalazimika kutumia dirisha. Mpesheni wa Bwana Kachenje, ambao kwa miaka mitatu haukuzaa hata tunda moja, ulijaa matunda mpaka waya ukainama, na asubuhi moja nilimkuta amesimama chini yake akiwatazama nyuki wakiingia na kutoka kuelekea kwa Shangazi.

"Mwanangu Kabula," aliniuliza taratibu, "hawa wa kwenu ndio wanaokuja huku?"

"Ndiyo, mzee."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alitazama kushoto na kulia. "Msinitaje," alisema, akaenda kuyanywesha maua yake.

Takwimu za maboga zilifika Wizarani, na Wizara ikatangaza kwamba Kikosi kimefaulu. Mheshimiwa Waziri aliamua kuja mwenyewe kuyakabidhi mafanikio hayo kwa wananchi. Sherehe ingefanyika mahali penye maboga mengi kuliko pote, yaani kwa Shangazi, na turubai la wageni lingesimamishwa penye nafasi, yaani nyuma ya jiko, juu ya wale marehemu kumi na saba. Kwanza, bila shaka, wangeng'olewa na kuchomwa.

Kwa kuwa palikuwa na pingamizi katika faili, Sheria ilidai kitu kimoja zaidi: Hati ya Uthibitisho wa Kifo, iliyotiwa saini na mtaalamu wa botania. Ilitafutwa kata nzima. Mtaalamu aliyekuwapo nilikuwa mimi.

Bwana Fikirini aliniita ofisini na kunipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwanafunzi, siku ile niliyokuambia imefika," alisema. Alinieleza pia, kwa upole wake uleule, kwamba ripoti yangu ya mafunzo ilikuwa mezani pake, kwamba imekamilika isipokuwa alama, na kwamba bila alama hiyo chuo hakiwezi kunitunuku shahada mwaka huu.

Nilimweleza Shangazi jioni hiyo, akiwa anachambua mchunga kwa ajili ya chakula.

"Saini," alisema bila kuinua kichwa. "Shahada yako ina miaka mitatu ya jasho. Haya ni majani tu."

"Shangazi, si ulisema…"

"Nilisema. Nimeshasema mengi. Lete sufuria."

Lakini niliona kwamba mchunga aliokuwa ameuchambua alikuwa akiuchambua tena.

*

Waziri alifika saa tano, gari lake jeupe likiwa limezungushiwa plastiki kwa sababu ya matope. Turubai lilikuwa bado limekunjwa. Wanaume wanne wenye majembe walisimama nyuma ya jiko, na mbele yao ua la mvua lilikuwa wazi, chozi akining'inia juu yake kichwa chini bila kumsalimu mtu. Mtaa wote ulikuwapo. Shangazi alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi na alisimama karibu na namba saba, si mbele yake hasa, lakini mahali ambapo jembe lingelazimika kuomba njia.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa, "boga haliwi boga hivihivi. Boga huwa boga kwa sababu ya sera." Makofi yalipigwa. "Wapo wanaosema ni mvua. Mvua ilikuwapo hata kabla ya Wizara, nayo ilitufikisha wapi? Wapo wanaosema ni wadudu. Ndugu zangu, taifa linalojiheshimu haliwezi kulishwa na mdudu asiye na kitambulisho!"

Wakati huo nyuki mmoja mweusi alitua juu ya kipaza sauti, akakikagua, akaona hakina kitu, akaondoka. Mtoto mmoja alicheka na mama yake akamfinya.

Bwana Fikirini aliniletea hati juu ya faili, na kalamu iliyokwisha kufunguliwa. Mheshimiwa alinigeukia kwa tabasamu.

"Na huyu ndiye binti yetu msomi! Njoo, binti, usiogope. Wewe umesoma mimea. Waambie wananchi: hawa kumi na saba, kwa mujibu wa sayansi na wa Sheria, wamekufa au hawakufa?"

"Wamekufa kwenye faili, Mheshimiwa," alinong'ona Bwana Fikirini, akimtazama yeye na kunitazama mimi kwa pamoja, kama mtu anayetaka kumsaidia kila mmoja.

"Kabula," Shangazi aliita kwa sauti ya chini, "mwanangu, saini twende zetu."

"Asisaini!" alisema mtu nyuma. Watu waligeuka. Alikuwa Bwana Kachenje, amekumbatia kombe lake, na alionekana kushangazwa na sauti yake mwenyewe kuliko sisi wote. "Samahani, Mheshimiwa. Nilikuwa… naomba radhi. Lakini asisaini."

Mheshimiwa hakuacha kutabasamu. "Binti, tunasubiri. Ni jina lako tu."

Niliichukua hati, nikaisoma mpaka mwisho, kwa sababu tulifundishwa tusitie saini tusichokisoma. Iliandikwa kwa Kiswahili fasaha. Nilimrudishia Bwana Fikirini kalamu yake, nikawatazama wale wanaume wenye majembe, kisha Mheshimiwa, kisha shangazi yangu, nikasema kwa sauti ambayo wote waliweza kuisikia:

"Mheshimiwa, mimea hii iko hai, na mimi sitatia saini. Chuoni nitarudia mwaka."